Kope za Landrova

Siku Mansuri Pazi alipomwangusha mama mkwe wake mtaroni, yeye mwenyewe hakuona kitu. Alikuwa kwenye usukani, Landrova yake imejaa mikungu ya ndizi na watu, akishuka kutoka Kinole kwenda Mkuyuni asubuhi baada ya mvua. Njia ilikuwa tope jekundu tupu, na macho yake yote yalikuwa mbele, kwenye zile kona ambazo dereva akigeuka pembeni kidogo tu anajikuta kalala na gari kwenye migomba ya watu. Alichosikia ni vishindo. Abiria wa nyuma walianza kupiga bodi kwa viganja, wote kwa pamoja, wakipiga kelele.

"Simama! Suka, simama! Dereva, umemuua bibi wa watu!"

Alikanyaga breki taratibu, maana ukiikanyaga kwa pupa kwenye tope lile, gari linaamua lenyewe pa kwenda. Akashuka, akarudi nyuma kwa miguu. Mtaroni, miguu imetandazwa mbele, khanga imelowa tope mpaka kifuani, alikuwa amekaa Bi Riziki, mama mzazi wa mkewe. Uso ulikuwa hauonekani vizuri kwa matope. Mkono wa kushoto ameukumbatia kwa ule wa kulia, kama mtu aliyebeba kifaranga.

Gari halikumgusa. Yaliyomfikia ni yale yaliyorushwa na matairi: tope kwanza, kisha kokoto, kisha jiwe moja la ukubwa wa limau lililompata begani. Alipoyumba kurudi nyuma, mguu ukakosa pa kukanyaga.

Hapo Mansuri akafanya jambo ambalo baadaye lilimuuma kuliko hata ajali yenyewe. Alisimama tu. Huko milimani mkwe hamshiki mama mkwe mkono. Hawakai mkeka mmoja, hawali sahani moja, na wakikutana njiani mwanamume hujitenga pembeni akasalimia huku anaangalia chini. Mansuri si mzaliwa wa huko. Kwao ni Turiani, baba yake alikata miwa maisha yake yote. Lakini alipomwoa Asia alikuja kujenga upande wa mke, kwenye ardhi ya ukoo wa mama mkwe, kama ilivyo desturi ya Waluguru, na kwa kuwa alikuwa mgeni alizishika adabu za pale kuliko hata wenyeji. Sasa alikuwa amesimama ukingoni mwa mtaro, mikono imening'inia, hajui aipeleke wapi.

Bi Riziki alijifuta tope jichoni, akamtazama.

"Ningekuwa mkungu wa ndizi," alisema, "ungekuwa umekwishaniokota."

Wanawake wawili kati ya abiria ndio walioruka mtaroni wakamtoa. Mansuri aliwashusha watu wengine wote palepale njiani, wengi wao wakinung'unika, akamkimbiza Bi Riziki hadi Morogoro mjini. Hospitalini walisema mfupa wa kifundo cha mkono umepata ufa. Wakamfunga ile plasta nzito ambayo watu huiita muhogo, wakampangia siku ya kurudi.

Kijijini habari ilifika kabla ya gari.

Na kwa kweli watu walikuwa wameyachukia matairi yale tangu mwanzo. Landrova ilipokuwa na matairi yake ya zamani, membamba, ilikuwa gari la kila mtu. Lakini masika yaliyopita Mansuri alikwenda mjini akarudi na matairi mapana, yenye meno makubwa kama ya trekta, yaliyochomoza nje ya fenda vidole vinne vizima. Vijana waliyashangilia. Watu wazima hawakuyapenda, kwa sababu tairi lililotoka nje ya fenda halina kitu cha kulizuia. Kila linachookota chini linakitupa huko linakotaka. Ikawa Landrova ikisikika inakuja siku ya mvua, watu wanapanda kwenye kingo za barabara, wanawake wanafunika vyakula vyao, na wanafunzi wanageuza migongo ili angalau shati libaki jeupe mbele. Walisema Mansuri amelewa sifa. Walisema anataka kufanana na madereva wa watalii.

Ukweli ulikuwa mwingine, na walioujua ni wawili tu. Wiki moja kabla ya kuyanunua matairi yale, Mansuri alikuwa akipanda mlima na Asia peke yake garini, wakitoka mjini ambako Asia alikwenda kuuza mdalasini na pilipili manga. Asia alikuwa na mimba ya Hafidha, tumbo limefika mbali. Kwenye kona ya juu ya Kinole matairi membamba yaliteleza. Gari lilirudi nyuma polepole, bila kelele, likasimama gurudumu moja la nyuma likiwa hewani juu ya bonde. Mansuri alibaki amekanyaga breki mpaka mguu ukamtetemeka, huku Asia akipita juu ya mapaja yake na lile tumbo, akitokea dirisha la dereva. Wote wawili walitoka salama. Asia alikaa chini kwenye majani, akalia, kisha akamshika mumewe mkono.

"Mama asijue," alisema. "Akijua, hatanipandisha gari tena maisha yangu yote. Na biashara yangu nitaifanyia wapi? Niapie."

Mansuri akaapa. Wiki iliyofuata akayafunga matairi mapana.

Sasa, baada ya ajali ya mtaroni, wajomba wa Asia walikutana baada ya sala ya Ijumaa, wakamtumia ujumbe. Ama ayatoe matairi yale, ama atafute pengine pa kulaza gari lake. Hawakutaja nyumba. Lakini gari lilikuwa likilala kwenye kiwanja hichohicho cha nyumba, na Mansuri hakuwa mtoto wa kutoelewa.

"Utawajibu nini?" Asia alimuuliza.

"Nitafunga kope."

Kope ndilo jina alilolitumia yeye. Ni vile vipande vilivyopinda kama upinde, vya plastiki au mpira, vinavyofungwa ukingoni mwa fenda kuipanua, ili tairi lililochomoza lipate kifuniko juu yake. Alikuwa ameviona kwenye magari ya mjini na aliviwaza tangu zamani, ila kila mara jambo jingine lilitangulia.

"Mama anataka kwenda na wewe," Asia alisema.

"Kwenda wapi?"

"Mjini. Siku yake ya hospitali ni keshokutwa. Na anasema hizo kope akazione kwa macho yake, maana jiwe halikukupata wewe."

"Basi twende wote watatu."

"Hafidha ana homa," Asia alisema. "Mimi siendi popote."

Mansuri alimtazama mkewe kama mtu aliyesukumwa majini. Safari nzima na mama mkwe, na hakuna wa kukaa katikati yao!

Walishuka mlima na abiria wengine, hilo likasaidia. Bi Riziki alikaa nyuma kabisa kwenye benchi, muhogo wake umefungwa na khanga shingoni, akizungumza na wenzake habari za misiba na za bei ya ndizi. Lakini walipofika mjini watu wote walishuka, naye akabaki palepale alipo, nyuma, peke yake. Mansuri alimpeleka hospitali, akamsubiri nje. Bi Riziki alipotoka akapanda tena nyuma.

"Wamesemaje, mama?" Mansuri aliuliza, uso umeelekea kioo cha mbele.

"Wamesema mfupa unaunga. Haya, tupeleke huko kwenye kope."

Duka lilikuwa upande wa Msamvu, na mwenye duka alikuwa kijana mmoja anaitwa Collins, mcheshi, kofia kaigeuza nyuma. Alimwamkia Bi Riziki kwa heshima, akamletea kiti cha plastiki, akaanza kushusha bidhaa zake kutoka ukutani. Kwanza zilikuja kope nyeusi, nzito, zenye vichwa vya bolti vimepangwa mstari kuzunguka ukingo. Mansuri alipoziona tu, kitu kikamcheka kifuani. Aliiona Landrova yake imezivaa. Aliiona inaingia Kinole siku ya gulio, mabega yametanuka.

"Hizi, bro, ndiyo mpango mzima," Collins alisema. "Ukipita nazo hapa Msamvu watu wote wanageuka."

"Kwetu pia wakimwona wanageuka," Bi Riziki alisema kutoka kwenye kiti chake. "Wanageuka wasiingiwe na tope machoni."

Collins alicheka. Mansuri hakucheka, aliona aibu. Akaichukua kope moja akatoka nayo nje, akaishikiza juu ya tairi la nyuma, akachuchumaa kuangalia. Ilikuwa nzuri kweli. Lakini alipolaza vidole kati ya ukingo wa kope na mwisho wa tairi, bado tairi lilitokeza upana wa kidole kimoja.

"Hicho ni kidogo tu," Collins alisema. "Hakina shida."

"Kidole hicho ndicho kinachookota jiwe," Mansuri alijibu. Alilisema hilo kwa masikitiko, maana alikwisha kuzipenda.

Collins alileta aina nyingine, pana zaidi, za plastiki ngumu inayong'aa. Hizo zilifunika tairi lote na kuzidi. Mansuri alizigongagonga kwa kidole, zikalia kama ndoo. Akafikiri. Njia ya kwao ina mahali gari linapita katikati ya mwamba na mti, na pengine linalazimika kukwaruza mwamba ili lisianguke upande wa pili. Plastiki ya namna hii ingepasuka wiki ya kwanza, na kipande kilichopasuka kina ncha. Badala ya kumrushia mtu tope, ungepita ukimchana kwa ubavu wa gari.

"Si zinapendeza?" Bi Riziki aliuliza. Safari hii alikuwa yeye aliyevutiwa. "Hizo ndizo. Zinafunika, na zinang'aa. Chukua hizo."

"Zitavunjika, mama."

"Umejuaje na hujazifunga?"

Mansuri alitafuta jinsi ya kumpinga mama mkwe bila kumpinga. Hakuipata. "Zitavunjika pale kwa mwamba," alisema tu, akiangalia chini. "Nikizifunga hizi nitakuwa nimewafurahisha wajomba mpaka Jumamosi."

Bi Riziki alikuwa anaujua ule mwamba. Tangu alipokuwa msichana alikuwa akipita hapo na mzigo kichwani. Collins, ambaye angeweza kuendelea kubembeleza, alikuna kidevu akasema yeye za mpira laini zinazofika upana ule hana, ila kule Kihonda kuna fundi Gabrieli, anazikata mwenyewe kulingana na gari. Akawaelekeza njia mpaka mlangoni.

"Mtoto mwema yule," Bi Riziki alisema walipokuwa wakiondoka. Yalikuwa maneno ya kwanza ya upole aliyomwambia mkwe wake siku hiyo.

Karakana ya Gabrieli ilikuwa uwanja wa wazi nyuma ya mashine ya kusaga, na mbele yake barabara ya vumbi iliyogeuka bwawa kwa mvua za wiki ile. Gabrieli alikuwa mtu mzima, mnene, asiyependa maneno mengi. Alizunguka Landrova mara moja, akapiga tairi teke, akaingia bandani, akatoka na pande la mpira mweusi mzito, wa ule unaotumika kwenye mikanda ya mashine kubwa. Akaeleza kazi yake. Angekunja bati jembamba kufuata fenda, alifunge kwa bolti, kisha mpira uzunguke nje ya bati. Ukigonga mwamba unajikunja, ukipita unarudi. Na nyuma ya kila tairi angening'iniza kipande kingine cha mpira kifike karibu na ardhi, kwa sababu kope peke yake zinazuia tope la pembeni tu, la nyuma linaendelea kuruka.

"Haupendezi," alisema. "Nakwambia mapema usije ukanilaumu."

Mansuri aliutazama mpira. Haukupendeza kabisa. Ulikuwa na mabaka, na ukingo wake uliokatwa kwa kisu ulikuwa umeyumbayumba.

"Tuujaribu kwanza," Bi Riziki alisema. "Funga upande mmoja. Halafu gari lipite kwenye maji yale, mimi nisimame pale pembeni nione."

"Hapana, mama," Mansuri alisema.

"Kwa nini hapana? Nimekwisha zoea."

"Siwezi." Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. Akaishusha. "Mama, hilo siwezi. Nitasimama mimi."

Gabrieli alifunga kope za upande wa kushoto kwa muda, kwa vibano. Kisha akapanda kwenye usukani mwenyewe. Mansuri alikwenda kusimama kando ya barabara, upande ule ambao haujafungwa kitu, kwa sababu alitaka kuona tofauti. Alikuwa amevaa shati lake la safari, la rangi ya maziwa. Alidhani anajua kitakachokuja. Ameendesha gari tangu ujana, tope analijua.

Gabrieli hakumhurumia. Landrova ilikuja kwa mwendo uleule ambao Mansuri huenda nao kila siku, na ilipofika kwenye maji, Mansuri hakuona gari tena. Kitu kizito, baridi, kilimpiga kifuani na usoni kama amemwagiwa karai zima. Nyuma ya tope zikaja kokoto, tatatata, kwenye mbavu, kwenye goti, moja kwenye mfupa wa shavu. Alifumba macho, mguu mmoja ukarudi nyuma wenyewe, ukatafuta ardhi. Kwa bahati ardhi ilikuwepo. Alibaki amesimama, mdomo umejaa mchanga, masikio yanavuma.

Akawaza: kumbe ni hivi. Kumbe kila siku ni hivi, na mimi napiga honi kuwasalimia.

Akasikia sauti nyuma yake. Bi Riziki alikuwa amejifunika mdomo kwa khanga, mabega yanatikisika. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akaushika muhogo wake maana ulikuwa unamuuma kwa kicheko. Mansuri, tope likimtiririka mpaka kwenye soksi, naye akaanza kucheka, taratibu, kwa woga, kisha kwa nguvu.

Gabrieli aligeuza gari, akarudi, safari hii upande wa kushoto ukiwa umeelekea kwa Mansuri. Maji yaligawanyika chini ya mpira, yakatoka kwa chini, yakamlowesha mapaja na miguu. Kokoto chache ziligonga kiatu. Hakuna kilichofika kifuani. Si kwamba alibaki mkavu, lakini alibaki ameona kila kitu, gari lilipokuja na lilipopita, wala mguu haukurudi nyuma.

"Basi hizo," Mansuri alisema. "Funga zote."

Gabrieli alichukua vifaa vyake. Kisha, kama mtu anayekumbuka kusema kweli yote, akaongeza, "Ila dawa ya moja kwa moja ni kurudisha matairi membamba. Hapo huhitaji kope wala nini."

Akaingia bandani kukata mpira. Wakabaki wawili. Bi Riziki alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu lililolazwa, kicheko kimekwisha usoni.

"Umemsikia," alisema. "Na sasa umekwisha kuonja. Kwa nini usiyatoe tu, baba Hafidha? Ni kwa ajili ya sifa? Niambie kweli. Mimi nimewaambia kaka zangu ni sifa."

Mansuri alijifuta uso kwa mkono wa shati, akazidi kujipaka. Alimfikiria Asia kwenye majani siku ile, na kiapo. Alifikiria pia mtaro, na mikono yake iliyoning'inia. Aliona kwamba akinyamaza mara hii, atakuwa amesimama ukingoni tena.

"Mama," alisema, akiiangalia ardhi, "matairi membamba yalitaka kunichukulia Asia."

Akamwambia. Alimwambia kona yenyewe, na gurudumu lililokuwa hewani, na jinsi Asia alivyopita juu ya mapaja yake akijishikilia kwenye usukani, tumbo likigusa honi, honi ikalia, nao wote wawili wakashtuka kwa ile honi kuliko kwa bonde. Alimwambia kwamba tangu siku hiyo hakupanda mlima ule mara moja bila mguu kuikumbuka breki. Kwamba yale matairi yalikuwa ya kwanza kushika ardhi kama alivyotaka ishikwe. Hakufikiria waliosimama pembeni. Alikuwa anafikiria waliomo ndani tu.

Alipomaliza hakuinua macho. Alisikia mashine ya kusaga ikiunguruma ng'ambo, na msumeno mdogo wa Gabrieli.

"Hafidha alikuwa tumboni," Bi Riziki alisema hatimaye.

"Ndiyo, mama."

"Na mkaninyamazia."

"Asia aliniapisha."

Bi Riziki alikunjua ncha ya khanga yake, akaikunja tena. Alimzaa Asia baada ya kuwazika wengine wawili. Jambo hilo Mansuri alilijua kwa kuambiwa, hawakuwahi kulizungumza.

"Yule mtoto ana siri," alisema. "Tangu mdogo. Alivunja mtungi akauzika." Kisha akapaza sauti kuelekea bandani. "Fundi! Huo mpira wa nyuma uufikishe chini kabisa. Na matairi uyaache kama yalivyo."

Kazi iliisha jioni. Landrova ilitoka pale ikiwa na kope nne nyeusi zisizolingana, na mipira minne ya kuning'inia iliyopiga kwata kila gari lilipotikisika. Mansuri aliizunguka akiitazama. Ile picha ya mabega yaliyotanuka ilimpitia kichwani, akaiacha ipite. Bi Riziki alipanda nyuma, mahali pake, na abiria walipojaza benchi akaanza tena habari za misiba.

Walipanda mlima kabla giza halijaingia. Kwenye ile kona ya juu ya Kinole Bi Riziki alipiga bodi kwa kiganja. Mansuri akasimama. Bi Riziki alishuka polepole, akakataa kusaidiwa na abiria wenzake, akaenda mpaka ukingoni. Alisimama pale akiangalia chini kwenye migomba na vilele vya mikarafuu, mbali kabisa, ambako moshi wa nyumba moja ulikuwa unapanda. Abiria walidhani anapunga upepo. Aliporudi alipitia upande wa dereva, akasimama kwenye dirisha, akaweka kiganja chake juu ya ukingo wa mlango, karibu na mkono wa mkwe wake, bila kuugusa.

"Nitazungumza na kaka zangu," alisema. "Endesha."

Alizungumza nao. Mansuri hakujua maneno yaliyosemwa, ila mjomba mkubwa alikuja asubuhi mbili baadaye, akazunguka gari, akavuta kope ya mbele kwa nguvu kuona kama itang'oka, akasema, "Mbaya, lakini imeshika," akaenda zake. Katikati ya masika mwamba uliling'oa pande la mpira la nyuma kushoto, na Mansuri akalifunga upya mwenyewe kwa waya hadi alipopata nafasi ya kurudi Kihonda. Tope bado liliruka, ila halikupita magotini. Pale penye watu alijifunza kupunguza mwendo, jambo ambalo hakuna fundi aliyemshauri. Watoto wa shule waliacha kugeuza migongo. Mkono wa Bi Riziki uliunga, ukabaki na kigongo kidogo kifundoni, akawa anakionyesha kwa wageni.

Mwenye hasira alikuwa Asia.

Siku ya Jumapili, plasta ikiwa imekwisha tolewa, Mansuri alikuwa uani anaosha gari aliposikia mama mkwe amefika. Kwa adabu alibaki upande wa pili wa Landrova, akisugua kope moja iliyokwisha takata. Kutoka barazani alimsikia Bi Riziki akiuliza habari ya kona, na ya dirisha, na ya honi. Akasikia mlango unafunguliwa.

"Baba Hafidha!" Asia aliita. "Ulimwambia?"

Mansuri aliinama nyuma ya tairi.

"Na siku ya mvua hupandi gari hilo, nimesema!" Bi Riziki alisema.

"Mama, lina matairi mapana!"

"Hata liwe na kucha!"

Wakaendelea kubishana, sauti zikipandana, na Hafidha akatoka nje kwa hatua zake mpya akashika ndoo ya maji, akaanza kuosha tairi pamoja na baba yake.